KUFULI NDANI YA TARAKILISHI, NA KWA NINI WATU HAWATAKI KUHAMA

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, kabla sijaenda mbali naomba nikusimulie kisa kilichonifanya nishike kalamu. Mjomba wangu ana kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi pale sokoni. Ijumaa moja jioni watu wa boma fulani walimletea ratiba ya mazishi awachapie nakala mia mbili, na maiti alikuwa azikwe kesho yake asubuhi. Mjomba akaketi, akawasha mashine. Badala ya ile picha ya ziwa aliyoizoea, akakuta kioo cheusi tititi kama sufuria iliyokaa kwenye kuni, na chini pembeni maneno ya kumwambia kwamba nakala anayoitumia si halali.

"Virusi hivi!" Mjomba alimaka, akachomoa waya wa stima.

Tulikaa mpaka saa mbili usiku tukimngoja fundi. Wenye msiba waliketi nje kwenye benchi, kimya. Fundi alipofika alicheka, akasema mashine haina ugonjwa wowote na ingeweza kuchapa tangu saa kumi na moja. Ni rangi ya nyuma tu iliyogeuzwa ili iwe onyo. Duka lililomwuzia Mjomba kompyuta hiyo ya mitumba lilikuwa limeitia programu ya kunakili, isiyolipiwa. Mjomba alitoa pesa taslimu na risiti anayo. Hakujua kwamba alinunua mali yenye kesi ndani yake.

"Sasa nifanyeje, kijana?" akauliza.

"Zima tu hiyo ya kujisasisha, mzee. Haitakusumbua tena."

Ikazimwa. Ratiba zikachapwa. Naomba uyaweke moyoni maneno hayo ya fundi, kwa sababu nitayarudia.

Basi tuanze na maana. Tarakilishi (mwalimu mlezi wetu anatusisitizia neno hili, lakini ukilitamka sokoni watu wanakutazama, kwa hivyo humu nitachanganya na kompyuta, anisamehe) ni chuma na plastiki tu mpaka itiwe mfumo endeshi. Mfumo endeshi ndio unaoiamsha mashine, unaogawa kumbukumbu, unaozungumza na kibodi na printa. Programu nyingine zote hupanda juu yake kama abiria ndani ya matatu. Windows ni mmoja wa mifumo hiyo, Linux ni mwingine, na kompyuta za Mac zina wao. Ukibadilisha matatu, abiria wote sharti washuke, na si kila mmoja atapata kiti katika lile jipya.

Programu nayo ina tabia moja ambayo kitu kingine hakina. Ukinipa kalamu yako, wewe huna tena. Lakini nikiinakili programu yako, wewe unayo nami ninayo, na huwezi kutofautisha ya kwangu na ya kwako. Aliyekesha akiiandika ndiye hakupata kitu. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, na ni wa zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mwaka wa 1975 huko Marekani palitokea kompyuta ndogo iliyoitwa Altair 8800. Ilikuja vipande vipande, mnunuzi akajiungia mwenyewe nyumbani. Haikuwa na kioo wala kibodi. Ilikuwa na swichi na taa tu. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, wakaiandikia lugha ya BASIC ili watu waweze kuipa kazi za maana. Programu hiyo ilihifadhiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Siku moja katika maonyesho huko Palo Alto, utepe mmoja ukapotea mikononi mwa watu, ukanakiliwa, nakala zikagawiwa wanachama wa klabu ya wapenzi wa kompyuta bure kabisa.

Gates alikasirika. Mnamo Februari 1976, akiwa na umri wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi hao akiwaambia kwamba wengi wao ni wezi. Alidai kwamba hata asilimia 10 ya wenye Altair hawakuwa wameinunua BASIC, kwamba muda wa kompyuta walioutumia kuiandaa ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000, na kwamba ukipiga hesabu ya malipo waliyopata kwa saa walizofanya kazi, hazifiki dola 2 kwa saa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ukisoma hesabu hiyo unamwonea huruma, hata ukijua alikuja kuwa tajiri namna gani.

Lakini wenzake nao walikuwa na neno. BASIC ikinunuliwa peke yake iliuzwa dola 500, ilhali kompyuta yenyewe ya vipande ilipotoka ilikuwa chini ya dola 400. Nani atanunua tandiko ghali kuliko punda? Wengine wakajibu kwa vitendo: wakaandika BASIC ndogo zao. Mtu mmoja, Tom Pittman, akaiuza yake kwa dola 5. Kwa hivyo tangu mwanzo palikuwa na njia mbili za kupambana na kunakili, yaani kuweka kufuli au kushusha bei, na wafanyabiashara wengi walichagua kufuli.

Kufuli za miaka ya 1980 zilikuwa za ajabu. Chukua mfano wa Lotus 1-2-3, programu ya hesabu iliyotoka Januari 1983 kwa bei ya dola 495. Hata kama umeiweka ndani ya kompyuta yako, kila ukitaka kuianzisha ilikuagiza utie ile diski ya asili iliyokuja nayo. Diski zenyewe zilikuwa nyembamba za kupinda, na vumbi kidogo tu au sumaku viliweza kuziharibu. Ikiharibika, kazi yako yote ya ofisini imekwama ingawa ulilipa. Wengine walitengeneza vidude vya kuchomeka nyuma ya mashine, kila programu na kidude chake, mpaka nyuma ya kompyuta pakawa kama mti wenye viota vya kwarara.

Wanunuzi walalamika, nao mafundi wakatengeneza programu za kuvunja kufuli. Mojawapo ya kesi ilifika mahakama ya rufani ya Marekani, ikaamuliwa mwaka wa 1988. Kampuni ya Vault iliuza diski zilizokuwa na alama kama ya kidole cha gumba, isiyoweza kunakiliwa. Kampuni ya Quaid ya Kanada ikauza programu iliyoihadaa mashine ione alama hiyo hata pale isipokuwapo. Vault ikashtaki, ikashindwa. Mahakama ilisema kwamba programu ya Quaid ilikuwa na matumizi halali: mnunuzi ana haki ya kujiwekea nakala ya akiba. Kufikia mwisho wa miaka hiyo, kampuni nyingi kubwa za programu za ofisini zilikuwa zimeziondoa zile kufuli za diski. Ziligundua kwamba mwizi alikuwa akitumia nakala iliyokwisha kufunguliwa, isiyomsumbua kwa lolote, na aliyelipa ndiye aliyekuwa akisumbuka. Naomba mwenzangu ulione jambo hili vizuri, maana litajirudia mara nyingi.

Sasa nije kwa kijana ambaye, nikisema kweli, ndiye aliyenivutia zaidi katika habari hizi zote, kwa sababu alikuwa mdogo kuliko mimi. Jon Lech Johansen wa Norway alikuwa na miaka 15 mwaka wa 1999. Filamu za DVD zilikuwa zimefungwa kwa kufuli ya hesabu iitwayo CSS. Ili uione filamu ulihitaji programu iliyopewa ufunguo kwa leseni, na hapakuwa na programu kama hiyo kwa watumiaji wa Linux. Maana yake ni kwamba ungeweza kununua filamu dukani kwa pesa zako, ukanunua na mtambo wa kuisoma, na bado usiione kwa sababu tu hukuchagua mfumo endeshi waliotaka wao. Johansen pamoja na wenzake ambao hawakujitaja wakatoa programu ndogo ya kufungua kufuli hiyo, DeCSS.

Januari 2000 polisi walifika nyumbani kwao wakaipekua. Kesi ilipoanza hatimaye, swali lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu: je, mtu anaweza kuitwa mvunjaji kwa kufungua mlango wa nyumba yake mwenyewe? Mahakama ya Oslo ilimwachilia Januari 2003. Serikali ikakata rufani, akaachiliwa tena Desemba mwaka uo huo. Alikuwa ameshatimiza miaka 20.

Lakini huko Marekani mambo yalikwenda kombo. Wao walikuwa wametunga sheria mwaka wa 1998 iliyosema kuvunja kufuli ni kosa, na kusambaza chombo cha kuivunjia ni kosa pia. Jarida moja la wadukuzi lililochapisha DeCSS lilishtakiwa likashindwa mwaka wa 2000, na rufani yake ikashindwa mwaka uliofuata. Watu wakafanya vituko. Wengine waliichapisha programu hiyo kwenye fulana wakatembea nayo. Na hapa wapenzi wa ushairi mtege sikio: mtaalamu mmoja aliyaandika maelezo yake yote kwa beti za haiku, ule utungo mfupi wa Kijapani, akauliza kama serikali sasa itapiga marufuku shairi. Nilipolisoma jambo hili nilicheka peke yangu. Tungekuwa sisi tungeiandika kwa tarbia, na vina tungevipata.

Na msidhani mambo hayo ni ya huko tu. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya kifasihi, safu moja na riwaya na tamthilia tunazosoma darasani, na inakataza kuvunja kufuli iliyowekwa kuilinda. Nadhani ni wachache kati yetu waliojua kwamba programu ni fasihi. Isitoke kwenye mtihani tu.

Kuna wakati kufuli yenyewe iligeuka kuwa mwizi. Mwaka wa 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG iliuza sahani za muziki zilizokuwa na programu ya siri. Ukiitia sahani kwenye kompyuta yako ya Windows usikilize wimbo, programu hiyo ilijiingiza, ikajificha ndani kabisa ya mfumo endeshi, ikalinda muziki usinakiliwe zaidi ya kiasi. Mtaalamu Mark Russinovich aliigundua ndani ya mashine yake mwenyewe akaitangaza tarehe 31 Oktoba 2005. Ubaya wake ni kwamba ilificha faili yoyote iliyoanza na herufi fulani, kwa hivyo wenye virusi wakazipa virusi vyao herufi hizo hizo, vikapata maficho ya bure. Hazikupita wiki nyingi kampuni ikaamua kuzirudisha sahani hizo kutoka madukani, na mashtaka yakafuata. Fikiria: aliyeiba wimbo hakupatwa na lolote. Aliyekwenda dukani na pesa zake ndiye aliyefungua mlango usiku.

Sasa tufike kwenye sehemu ya pili ya kichwa changu, ya kutohama. Wengi wanasema watu hukataa mfumo mpya kwa sababu ya uvivu au ushamba. La hasha! Sababu zipo, na nyingi ni za haki.

Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001. Ndani yake mlikuwa na jambo geni kwa watu wa nyumbani: ukishaiweka ni lazima uiandikishe kwa kampuni, kwa intaneti au kwa simu, nayo ilichukua alama za vifaa vya mashine yako. Ukibadilisha vifaa vingi ilidhani umeihamishia kompyuta nyingine, ikakutaka ujieleze upya. Watu walilalamika sana kwamba wananunua kitu halafu wanaomba ruhusa ya kukitumia. Na mwizi je? Mwizi hakusumbuka. Kampuni kubwa zilikuwa zimepewa nambari maalumu zisizohitaji kuandikishwa, moja ikavuja kabla XP yenyewe haijafika madukani, ikazunguka dunia nzima.

Microsoft ikaongeza askari. Mwaka wa 2005 ikaanzisha ukaguzi wa nakala halali, na mwaka wa 2006 ikasambaza programu ya kukagua na kuonya kwa njia ile ile inayopitishia viraka vya usalama, ikaiita sasisho muhimu. Hili ndilo jambo ninalotaka tulitazame kwa makini. Mfumo endeshi ni kama mwili: kila mara udhaifu fulani hugunduliwa, na kampuni hutuma dawa kupitia masasisho. Askari alipoingia kwa mlango wa daktari, watu wakaufunga mlango. Hata wenye nakala halali wengine waliufunga, kwa kuwa walichukia kuchunguzwa kila siku. Wapo waliokwenda mahakamani huko Seattle mwaka uo huo. Wenye nakala za wizi ndio kabisa. Viraka vya usalama vilikuwa bado vinaruhusiwa hata kwao, lakini nani atamweleza hivyo mtu mwenye hofu? Yale maneno ya fundi wetu, zima hiyo ya kujisasisha, yalisemwa katika lugha nyingi duniani.

Na askari mwenyewe hukosea. Agosti 2007 mitambo ya ukaguzi ya Microsoft ilipata hitilafu, ikawaita wezi watu ambao walikuwa wamelipa. Kampuni ilisema mashine zilizoathirika zilikuwa chini ya 12,000. Kwa kampuni ni idadi ndogo, lakini ukiwa wewe ni mmoja wao ni jambo kubwa. Mwaka uliofuata, Oktoba 2008, ukaguzi ulifika Uchina: nakala isiyopita ukaguzi iligeuzwa kioo cheusi kila saa moja. Wachina wakapiga kelele, wakili mmoja wa Beijing akaishtaki kampuni hiyo kwa wizara ya usalama akisema wao ndio wadukuzi. Kioo cheusi! Niliposoma hayo nilimpelekea Mjomba habari, akasema, "Kumbe hata mimi ni Mchina."

Katika hali hiyo ndipo Windows Vista ilipoingia, Januari 2007, miaka mitano na zaidi baada ya XP. XP ilihitaji kumbukumbu ya megabaiti 64 kwa uchache. Vista ilitaka 512. Mara nane! Printa na vifaa vingi havikuwa na programu za kuviongoza chini ya mfumo huo mpya, kwa hivyo kifaa kizima kikawa takataka bila kuvunjika. Isitoshe, ndani yake mlikuwa na ulinzi mkali wa filamu: picha na sauti za hali ya juu zilisafiri ndani ya mashine zikiwa zimefungwa, na kama kioo chako hakikuwa cha aina iliyokubaliwa, ungeweza kupewa picha hafifu au usipewe kabisa. Mtaalamu Peter Gutmann wa New Zealand aliandika makala marefu mwishoni mwa 2006 akidai kwamba mnunuzi ndiye anayelipia kufuli za watu wa filamu. Microsoft ilimpinga, na katika baadhi ya mambo nadhani alitia chumvi. Lakini swali lake lilibaki: mtu alipie mashine yenye nguvu zaidi, kisha sehemu ya nguvu hizo itumike kumlinda mwingine dhidi yake?

Watu wakabaki na XP. Aprili 2007 kampuni ya Dell ilirudisha XP kwenye baadhi ya kompyuta zake kwa sababu wateja waliidai. Jarida la InfoWorld lilikusanya sahihi zaidi ya 200,000 za kuomba XP isiondolewe. Hata Intel, wanaotengeneza ubongo wa kompyuta zenyewe, waliripotiwa mwaka wa 2008 kuamua kutowahamisha wafanyakazi wao kwenda Vista. Kama mwenye kiwanda cha unga hali ugali wake, wewe mteja utasemaje? Wengi waliruka Vista kabisa wakaingojea Windows 7 ya Oktoba 2009, na wengine hawakwenda popote mpaka XP ilipoachiliwa mkono tarehe 8 Aprili 2014. Hata hapo serikali ya Uingereza ililipa pauni milioni 5.5 ili itunziwe XP yake kwa mwaka mmoja zaidi.

Nisije nikaonekana nawapigia debe wasiohama, kuna gharama kubwa ya kubaki bila dawa. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga faili za watu kikidai fidia. Kirusi hicho kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka mwezi wa Machi, miezi miwili kabla. Nyingi ya mashine zilizoambukizwa hazikuwa hata za XP, zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwekwa kiraka. Huko Uingereza hospitali za umma zilivurugika, na wakaguzi walikadiria kwamba miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 iliahirishwa. Aliyekisimamisha ni kijana wa miaka 22, Marcus Hutchins, aliyeandikisha anwani ya intaneti iliyokuwa imefichwa ndani ya kirusi hicho. Kwa hivyo aliyemwambia mwenzake azime masasisho hakumponya.

Wakati mwingine kufuli ya zamani ndiyo inayozuia kuhama. Michezo mingi ya kompyuta ya miaka ya 2000, kama vile Battlefield 1942, ilifungwa kwa kufuli iitwayo SafeDisc. Ilikuja na kijiprogramu kilichokaa ndani kabisa ya mfumo endeshi, na baadaye ikaonekana kuwa ni tundu la hatari. Windows 10 ilipotoka Julai 2015 ilikikataa. Ilikuwa sawa kukikataa, lakini mwenye sahani yake halali aliyohama akakuta mchezo hauanzi. Mwenye nakala iliyovunjwa kufuli aliendelea kucheza bila shida. Yaleyale ya Lotus.

Na sasa tuko hapa. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021 ikidai mashine iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na ubongo wa miaka ya karibuni, kwa Intel ni wa kizazi cha nane kuendelea. Mfumo wenyewe ni bure ukiwa na Windows 10 halali, lakini watu walikawia kwa miaka, kwa sababu mashine zao zilikataliwa mlangoni. Wengine walikuwa na shaka na chipu yenyewe. Mwaka wa 2002 Microsoft ilitangaza mpango wake wa Palladium, na profesa Ross Anderson wa Cambridge pamoja na Richard Stallman wakaonya kwamba chipu za namna hiyo zinaweza siku moja kutumiwa kumlinda mwenye filamu dhidi ya mwenye mashine. Kazi kubwa ya TPM katika Windows 11 ni kulinda funguo za siri na diski isisomwe na mwizi, na hilo ni jambo jema. Ila ukishaumwa na nyoka, hata unyasi unakushtua.

Windows 10 iliachiliwa mkono tarehe 14 Oktoba 2025. Wenye mashine zisizofaa walipewa nafasi ya kuongeza mwaka mmoja wa viraka, mpaka Oktoba 2026. Baada ya hapo ni kununua mpya, kubaki bila dawa, au kuhamia mfumo kama Linux ambao hauna kufuli wala bei.

Hilo la mwisho watu hulidharau wakidhani ni la wazungu wenye ndevu. Sivyo. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Waliweza kufanya hivyo bila kuomba ruhusa kwa yeyote, kwa kuwa leseni yake inaruhusu kila mtu kunakili na kubadilisha. Pale ambapo kunakili si kosa, kufuli haina kazi.

Nilimweleza Mjomba haya yote Jumapili moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na printa je, mpwa wangu?" Ana kompyuta mbili za mitumba, na zote mbili Windows 11 imezikataa. Tukashirikiana na yule fundi, safari hii bila vicheko. Moja tumeitia Linux, na hiyo ndiyo iliyoungwa kwenye intaneti kwa ajili ya wanafunzi wanaotuma maombi na wazee wanaotafuta fomu za serikali. Faili zilizoandikwa zamani zinafunguka, ingawa mistari ya majedwali huhama kidogo na inabidi kuirekebisha kwa mkono.

Ya pili ilikuwa taabu. Printa yake kubwa ni ya zamani na hatukupata programu ya kuiongoza chini ya Linux, tulijaribu jioni tatu. Mjomba alikwenda mjini akanunua nambari halali ya ule mfumo wa zamani, akarudi na risiti ameikunja mara nne mfukoni. Tumeichomoa kwenye intaneti kabisa, na kila flashi ya mteja hupitishwa kwanza kwenye ile ya Linux kabla ya kufika kwake. Picha ya ziwa imerudi kwenye kioo. Juzi alichapa ratiba za mazishi mia tatu na hamsini, zikaisha saa kumi na mbili kasorobo, kukiwa bado na mwanga.